Afya mu Jamaa: Figo ya Ndugu Yako

Mwezi huu tunazungumuza juu ya ugonjwa moja unaoingia mu nyumba bila kupiga hodi. Tena ukishaingia, unaleta swali ambalo magonjwa mengine hayaletake: nani kati yetu atatoa kipande cha mwili wake? Ni ugonjwa wa mafigo.

Inaanzaka hivi. Baba anaamuka asubui, uso umevimba, macho yamekuwa madogo. Watoto wanafikiri alilala mubaya. Mangaribi ni zamu ya miguu: mabuti ya kazi yanakataa kuingia, na ukifinya muguu kwa kidole, shimo linabaki pale. Mukojo unatoa povu kama maji ya sabuni, na povu lenyewe halikwishe upesi. Nguvu inapunguka, chakula hakina ladha, mwili unawasha, usiku anaamuka mara ine, mara tano kwenda inje. Ndipo watu wa jamaa wanaanza kuulizana. Alikula kwa nani? Nani alimuonea wivu siku alipopandishwa cheo ku kazi? Wajomba wanafika, majina yanatajwa, mbuzi inauzwa, feza inaenda kwa mwenye kuagua na kwa mwenye kutapisha. Miezi mitatu inapita, miezi sita. Siku wanafika ku lopitali, munganga anapima damu na anasema: kreatinini imepanda sana, mafigo yamechoka kabisa.

Tunasema wazi, bila kumutukana mutu: miezi ile sita ilikuwa na bei kubwa kuliko mbuzi. Mu miezi ile dawa ya tansio, ile inayouzishwa kila siku ku farmasi, ingeweza kufanya kazi. Na yule mama mudogo aliyeshitakiwa bulozi, nani atamurudishia jina lake?

Sasa, figo ni nini? Ninyi munaoishi karibu na izini munajua namna mawe yanavyosafishwa. Yanasagwa, yanapita mu maji, kile chenye faida kinashikwa, uchafu unaenda kutupwa. Mafigo yetu mawili, kila moja kama ukubwa wa ngumi, yanakaa nyuma chini ya mbavu na yanafanya kazi kama hiyo kwa damu yetu. Kila figo iko na vichujio vidogo sana, karibu milioni moja. Kila siku vinachuja maji ya kama litri 180. Fikiri pipa la mafuta la litri 200: karibu lote linapita humo kila siku. Karibu yote inarudishwa mu damu, na kile kinachobaki, litri moja ao mbili, ndiyo mukojo. Zaidi ya hayo mafigo yanapima chumvi ya mwili, yanasaidia kushika tansio, yanatuma habari ku mifupa ili itengeneze damu. Ndiyo sababu mugonjwa wa mafigo anakosaka damu, na ukimupa vidonge vya kuongeza damu peke yake, haisaidie sana.

Mafigo hayalii. Yanaweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu na mwenyewe anaendelea kubeba mifuko, kucheza mupira, kuimba mu kwaya. Wengi wanaotuonyesha mugongo na kusema «mafigo yananiuma», ni mugongo tu unaowauma, na ukiuliza kazi yao utaelewa mbio. Mutu mwenye mafigo yanayokwisha mara nyingi hana maumivu yoyote. Waganga wa Kinshasa walipima watu wazima wa muji ule, na mwaka wa 2009 walitangaza kwamba zaidi ya 12 kwa 100 walikuwa na alama za ugonjwa wa mafigo. Hesabu hiyo ni kama mutu mumoja kwa kila watu nane wanaokaa ku benchi moja mu kanisa. Wengi wao hawakujua.

Yanaharibika namna gani? Waharibifu wakubwa ni wawili na wote munawajua: tansio na ugonjwa wa sukari. Tansio inapiga vichujio kutoka ndani, mwaka kwa mwaka, kama maji yenye nguvu yanavyokula bomba. Nyuma ya hao wawili wanakuja wengine: malaria kali inayogeuza mukojo kuwa mweusi, virusi vya ukimwi visivyotunzwa, homa ya koo ao vidonda vya ngozi ambavyo mutoto hakutunzwa vizuri, kuhara ambako kunakausha maji yote ya mwili. Kuna pia jambo la ukoo. Mwaka wa 2010 wenye elimu walionyesha kwamba watu wengi wenye asili ya Afrika wamebeba sura fulani ya jeni inayoitwa APOL1. Sura hiyo ilibaki mu damu yetu sababu inasaidia kupigana na vidudu vya ugonjwa wa usingizi, ule unaoletwa na mbungo. Lakini mutu aliyeipata kwa baba na kwa mama pia, mafigo yake yako mu hatari zaidi. Mababu walilindwa na mbungo, wajukuu wanalipa deni. Basi kama mu jamaa moja watu wawili ao watatu wanavimba na kufa, musitafute mulozi mu ukoo. Tafuteni chombo cha kupimia tansio.

Halafu kuna yale tunayojitilia sisi wenyewe. Vidonge vya maumivu, kwa mufano ibuprofeni na diklofenaki, vinauzishwa moja moja ku ligablo kama bonboni. Kijana anayechimba anameza asubui ili mugongo ukubali, anameza mangaribi ili usingizi ufike, na mu shimo kuna joto na hakunywa maji. Mwili uliokauka pamoja na vidonge hivyo ni njia fupi ya kuua figo. Siku moja si neno. Kila siku kwa miezi ni neno kubwa.

Dawa za miti? Tunajua hapa tunagusa mahali pa maumivu. Hatuseme kila jani ni sumu. Babu zetu walitunza watu. Lakini sikia habari ya Brussels, ku Ubelgiji. Mwanzo wa miaka ya 1990, wanawake wa muji ule walienda mu kliniki ya kupunguza unene, wakapewa dawa ya majani ya Kichina. Jani moja lilikosewa, wakatia lingine lenye kuitwa Aristolochia. Karibu wanawake mia moja waliharibika mafigo. Na wale walikuwa Wazungu, mu kliniki safi, wanaandikiwa karatasi na waganga. Basi ule muchanganyiko wa mizizi unaouzishwa mu chupa ya bia ku soko, usio na jina wala kipimo, weye unajua nini juu yake? Ukimupa mutoto wa miaka miwili kwa njia ya nyuma, kama wamama wengi wanavyofanyaka, figo zake ndogo ndizo zitatoa jibu.

Na ninyi wasichana, na siku hizi wavulana pia: mafuta na sabuni za kungarisha ngozi. Mu Nairobi, mwaka wa 1972, waganga waliandika kwamba wanawake wengi walikuwa wanafika ku lopitali wamevimba mwili wote, mukojo umejaa protini, na walipouliza walikuta ni mafuta ya uso yenye zebaki. Zebaki inapita ngozi, inaingia mu damu, inakaa mu figo. Mafuta ya namna hiyo bado yanaonekana mu masoko. Ni zebaki ile ile, wengine wanaiita merkire, ambayo wachimbaji wa zahabu wa Ituri na wa Kivu wanachanganya na muchanga ili kukamata zahabu, kisha wanaichoma ku moto. Wengine wanaichomea mu kikoni, watoto wamekaa karibu wanangojea bukari. Moshi wake hauna harufu.

Huku kwetu ku shaba na kobalti, mambo ni mengine. Mwaka wa 2009 Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven walitangaza matokeo ya mukojo wa watu wanaokaa karibu na migodi na izini za Katanga. Walikuta kobalti nyingi sana, zaidi mu watoto, na kadmiumu, risasi na uranyumu kupita kiasi cha watu wanaokaa mbali. Sisi hatuseme kila figo inayokufa hapa inauawa na vumbi; tansio bado inaua zaidi. Lakini kadmiumu inajulikana kwa kazi yake. Ku Japani, mu bonde la muto Jinzu, uchafu wa mugodi wa zinki uliingia mu mashamba ya muchele, wanawake wakala ule muchele miaka mingi, mafigo yakaharibika na mifupa ikavunjika kama vijiti. Serkali yao ilikubali jambo hilo mwaka wa 1968. Kwa hiyo mama, kama bwana anarudi na vumbi, nguo za kazi zikae inje ya nyumba na zifuliwe peke yake. Vumbi ndani ya nyumba ipanguzwe na kitambaa chenye maji, usifagie kavu. Na mboga zilizopandwa chini ya kilima cha uchafu wa izini zisikuwe chakula cha mutoto kila siku.

Sasa tufike ku swali letu. Mafigo yakishakufa, kuna njia mbili tu za kubaki muzima: mashini ao figo ya mutu mwingine.

Mashini inaitwa dializi. Aliyefanya ya kwanza yenye kusaidia ni munganga wa Uholanzi, Willem Kolff, mu muji mudogo wa Kampen, wakati wa vita, Wajeremani wanatawala nchi. Alikamata ngozi ya selofani, ile ya kufungia soseji, akaizungusha ku pipa la mbao ndani ya beseni la maji ya chumvi, damu ya mugonjwa ikapita ndani ya ngozi ile na uchafu ukatoka. Alianza mwaka wa 1943. Wagonjwa karibu wote wa kwanza walikufa. Mwaka wa 1945 alifika mama muzee wa miaka 67, hajitambui. Mashini ikamuamusha. Watu wa muji hawakufurahi sana, sababu yule mama alikuwa amesaidia adui wakati wa vita na alitoka mu gereza. Kolff hakuuliza hayo. Aliuliza tu kama mukojo umetoka.

Leo mashini ni safi na nzuri zaidi, lakini kanuni ni ile ile: mara tatu kwa wiki, saa kama ine kila mara. Ku Lubumbashi ziko, ku Kinshasa ziko, lakini ni chache na kila zamu inalipwa. Mutu wa Kasenga ao wa Manono anapaswa kuhama na kukodi nyumba karibu. Jamaa inauza shamba, kisha gari, kisha nyumba. Tumeona wagonjwa waliokuwa wanapunguza zamu, mara tatu, halafu mara mbili, halafu moja. Watu wa dializi wanajua maana ya hesabu hiyo.

Ndiyo sababu figo ya kupandikizwa, kwa mutu anayeweza kuipata, inashinda. Mutu anarudi kazini, anakula, anakojoa (musicheke, wale waliokosa mukojo miaka miwili wanalia kwa furaha siku unaporudi), na wengi wanaishi miaka mingi zaidi kuliko wale wa mashini.

Hadisi yake ilianza mu usiku wa Noeli. Paris, Desemba 1952. Kijana fundi wa mbao wa miaka 16, Marius Renard, alianguka kutoka juu ya nyumba iliyokuwa inajengwa, figo ikapasuka. Waganga wakaitoa ili damu isimalizike, kisha wakagundua kwamba alizaliwa na hiyo moja tu. Mama yake akasema: kamateni yangu. Waganga wa lopitali Necker, pamoja na Jean Hamburger, hawakuwa wamefanya hivyo mbele na mutoa figo muzima wa jamaa moja. Mama akasimama imara. Usiku wa Noeli wakapandikiza. Figo ikaanza kufanya kazi, mukojo ukatoka, magazeti ya Ufaransa yakaandika. Nyuma ya wiki tatu mwili wa kijana ukaikataa figo ya mama, na mu Januari 1953 akakufa.

Juu ya nini mwili unakataa hata figo ya mama? Sababu mwili uko na askari wake mu damu, na askari hawajui mapendo. Wanajua alama tu. Kila kinachofika bila alama ya nyumba kinapigwa. Mutoto anapata nusu ya alama kwa mama, nusu kwa baba. Kwa hiyo figo ya mama ilikuwa ya nyumbani nusu na ya kigeni nusu.

Miaka miwili nyuma, Boston ku Marekani, munganga Joseph Murray alipata mapasa: Richard Herrick, miaka 23, mafigo yanakufa, na Ronald, muzima. Ili wahakikishe kwamba ni mapasa wa yai moja, waliwapeleka hata ku polisi kukamata alama za vidole, na wakapandikiza kipande cha ngozi ya mumoja kwa mwingine waone kama itashika. Ilishika. Usiku wa mbele ya operasio Richard alimutumia mwenzake kikaratasi kumuambia atoke mu lopitali aende nyumbani. Ronald alijibu kwamba yuko na atabaki. Tarehe 23 Desemba 1954 wakapasuliwa. Richard alipona, akaoa muuguzi aliyemutunza, akazaa watoto wawili, akaishi miaka nane. Ronald, na figo moja, akafundisha masomo, akalima shamba, akakufa Desemba 2010 na miaka 79. Murray alipewa zawadi ya Nobel mwaka wa 1990.

Tunarudilia hadisi ya Ronald kwa makusudi, sababu ndiye anayejibu woga wa wengi: mutoa figo ataishi? Anaishi. Figo inayobaki inakuwa kubwa zaidi kidogo na inakamata sehemu kubwa ya kazi ya mwenzake. Kufa mu operasio yenyewe kunaweza kutokea: hesabu ya Marekani iliyotangazwa mwaka wa 2010 ilionyesha kama watoaji watatu kwa 10,000. Haiko sifuri, na mutu anayewaambia ni sifuri anawadanganya. Mwanaume aliyetoa figo hapotezi nguvu ya kiume. Figo haina kazi humo. Mwanamuke anaweza kuzaa, ila munganga amufuate karibu zaidi, sababu tansio ya mimba inaweza kumupata kupita wengine. Mufanyakazi anarudi ku kazi, lakini wiki kama sita za kwanza asibebe vitu vizito. Na kila mwaka, maisha yake yote, apime tansio, damu na mukojo.

Si kila mwenye kukubali anaweza kutoa. Mwenye tansio, mwenye sukari, mwenye protini mu mukojo anakataliwa. Damu zikubaliane: mwenye O anaweza kumupa kila mutu, lakini yeye mwenyewe anapokea kwa O peke yake. Kisha zile alama za askari. Kati ya watoto wa baba mumoja na mama mumoja, kila mumoja ana bahati moja juu ya ine ya kufanana kabisa na mugonjwa. Siku hizi haiko lazima kufanana kabisa, sababu dawa zipo. Mwaka wa 1983 serkali ya Marekani iliruhusu siklosporini, dawa iliyotoka mu kuvu ya udongo wa Norvege, na tangu pale hata bibi anaweza kumupa bwana wake figo. Dawa hizo zinalalisha askari. Lakini askari wanaamuka upesi. Mwenye kupandikizwa anameza dawa kila siku, saa ile ile, mupaka mwisho wa maisha. Hapa ndipo jamaa nyingi zinaanguka: wanakusanya feza ya ndege na ya operasio, wanapiga makofi mu kanisa siku ya kurudi, kisha mwaka wa pili hakuna feza ya vidonge, na figo ya ndugu inakufa ndani ya ndugu. Ulizeni kwanza bei ya dawa za mwezi, na nani atalipa mwezi wa ishirini.

Operasio inafanyika wapi? Wengi wa kwetu wanaenda India. Lakini ndugu zetu jirani wameanza: Tanzania, ku lopitali ya Muhimbili, Novemba 2017, Rwanda, ku King Faisal ya Kigali, mwaka wa 2023, Uganda, ku Mulago, Desemba ya mwaka ule ule. Figo mupya inawekwa mbele, chini ya tumbo, karibu na nyonga. Za zamani mara nyingi zinaachwa mahali pake. Kwa hiyo usishangae ukisikia mutu anasema yuko na mafigo matatu.

Sasa baraza la jamaa. Wajomba wameketi, munganga amesema mugonjwa anahitaji figo, na macho yote yanamugeukia mudogo wa mwisho. «Weye hauna bibi wala mutoto. Yaya wako ndiye alikulipia masomo. Tunangojea nini?» Kijana anaangalia chini. Hajibu. Wakubwa wanachukua kunyamaza kwake kuwa ndiyo.

Wakubwa wetu, tunawaheshimu, lakini figo haiombwe namna hiyo. Mu lopitali zinazofuata sheria, munganga anazungumuza na mutoaji peke yake, mulango umefungwa, bila ndugu, na anamuuliza kama anataka. Kama hataki, munganga anaambia jamaa kwamba huyu hafai kutoa, bila kueleza sababu, ili asikuwe adui wa ukoo. Weye kijana ujue hilo: una haki ya kusema hapana, hata mu asubui ya operasio, hata mumekwisha kupanda ndege. Na ukisema ndiyo, iwe ndiyo yako. Mama wa Paris aliomba mwenyewe. Ronald aliambiwa aende nyumbani, akabaki.

Kuna jambo lingine, tunalisema juu ya vijana wa migodi wanaotafuta feza ya haraka. Kuna watu wanaotembea na ahadi: kazi ya ng'ambo, pasporti, maelfu ya dolari kwa figo moja. Yule anayeuza anapewa kidogo sana, wa katikati anakamata mengi, na nyuma ya operasio hakuna anayemupima tansio tena. India ilikataza biashara hiyo kwa sheria mwaka wa 1994. Mwaka wa 2008 waganga wa nchi nyingi walikutana Istanbul wakaandika kwamba kuuza viungo na kusafirisha masikini kwa ajili ya viungo ni uovu. Papa Yohane Paulo wa Pili alikwisha kusema, mu barua yake ya mwaka wa 1995, kwamba kutoa kiungo kwa njia nzuri ni tendo la upendo, na mwaka wa 2000, mbele ya waganga waliokutana Roma, alisema kukiuza haikubaliwe. Kwa hiyo wale wanaotuuliza kama Mungu atamukataa mutu anayefufuka na figo moja, wapumuzike.

Na wafu? Mu nchi nyingi, mutu aliyekufa ubongo, ambaye jamaa imekubali, anaweza kuwapa wengine mafigo yake. Cape Town, Desemba 1967, wakati munganga Christiaan Barnard alipopandikiza moyo wa kwanza, moyo ulitoka kwa binti Denise Darvall aliyegongwa na gari. Baba yake alikubali. Dunia yote ilizungumuza juu ya moyo. Wachache walikumbuka figo yake: ilipewa mutoto wa miaka kumi, Jonathan van Wyk, asiyehesabiwa kuwa Muzungu, mu nchi ambayo sheria ilikataza watoto wa rangi mbili kuketi mu darasa moja.

Lakini tusiongee kama vile kila mutu atafika ku operasio. Wengi wetu tunaweza kusimama mbali sana na mulango ule. Enda ku kituo cha afya kilicho karibu, beba mukojo mu chupa safi, uombe wauguzi watie kikaratasi cha kupima protini na sukari. Inakamata dakika chache. Waombe tena tansio. Kama weye ni wa miaka 40 ao zaidi, ao mama yako alikuwa na tansio, ao unaishi na sukari ao virusi, uombe kreatinini mara moja kwa mwaka, na uandike hesabu mu daftari ya nyumbani ili mwaka ujao mulinganishe. Mama wa jiko apunguze chumvi. Makayabu ilowe usiku wote na maji yabadilishwe mara mbili. Dawa ya tansio ikishaanza, haiachwe siku kichwa kinapona, sababu kichwa kupona si kazi yake.

Mu gazeti la mwezi ujao tutafuata habari ya ugonjwa wa sukari: kile cha kula na kile cha kuacha, kwa bei ya soko letu.